Kupima Hali za Watu kwa Simu Zao: Mwongozo Kamili kwa Anayetafiti Ustawi Mombasa

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, kikundi cha mtaa au shirika dogo linalotaka kujua watu wa Mombasa wanaishi vipi kimoyo, na ambalo tayari limejaribu likaambulia patupu. Kosa ni lile lile kila mara: fomu ya maswali thelathini inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, wanajibu marafiki na mabinamu, karibu wote wanajipa saba au nane juu ya kumi, na mtafiti anabaki na jedwali lisilosema lolote. Baada ya hapo anatafuta programu nyingine, akidhani iliyomwangusha ni programu.

Kilichomwangusha ni swali, na saa aliyouliza. Mwulize mtu wa Pwani hali yake, atakwambia njema, alhamdulillahi, awe ametoka harusini au hospitalini. Hiyo ni adabu, si data. Faida ya simu ni kwamba inakuwezesha kuuliza jambo dogo, pale pale mtu alipo, na kulirudia mara nyingi bila kumbishia hodi. Saa za mkononi, kamera na akili mnemba vina sura yao huko mbele, lakini havitaokoa utafiti ulioanza na swali bovu.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: je, siku za foleni ndefu kwenye feri ya Likoni huwaacha wafanyakazi wanaovuka kwenda kisiwani wakiwa na hali mbaya zaidi jioni kuliko siku zao nyingine?

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Swali moja la utafiti, lililoandikwa kwa sentensi moja.
- Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa ruhusa za utafiti.
- Akaunti ya KoboToolbox au ODK kwa ajili ya fomu. Zote hufanya kazi kwenye Android hata mtandao ukikatika.
- Akaunti kwenye kampuni inayotuma SMS na USSD (ile menyu inayofunguka ukipiga namba yenye nyota na reli) kwa wingi, kama Africa's Talking.
- Watu 40 hivi walio tayari kuulizwa kwa siku 14.
- Bajeti ya bando au vocha za washiriki, na akiba ya SMS za majaribio.
- Daftari la misimbo, linaloonyesha msimbo upi ni wa mshiriki yupi, linalofungiwa mbali na majibu.
- Mtu mmoja wa kupokea simu za washiriki, anayejua kuongea na wazee.

Kompyuta yenye Excel inatosha kwa uchambuzi wa kwanza. Usinunue saa za mkononi bado.

Hatua ya 1: Funga swali

"Furaha ya watu wa Mombasa" si swali. Kaunti ina watu 1,208,333 kwa hesabu ya sensa ya 2019, kutoka Jomvu hadi Kisauni, na watu 40 hawawezi kuwasemea. Lakini watu 40 wakiulizwa mara nyingi wanaweza kukwambia jambo la hakika kuhusu siku zao mbaya na siku zao nzuri.

Kwa hiyo andika swali linalomlinganisha mtu na nafsi yake. Mzee wa Mtongwe anayejipa 8 kila siku na binti wa Shelly Beach asiyevuka 5 hawalinganishiki. Pengine kila mmoja ana mizani yake. Ila siku ya 6 ya yule mzee, ikilinganishwa na 8 zake za kawaida, ni habari.

Umefaulu kama mtu wa pili akisoma swali lako anaweza kukwambia ni jibu gani litakalokuonyesha umekosea.

Hatua ya 2: Vibali, na sheria ya data

Wengi huacha hili hadi mwisho, kisha hukuta hawawezi kuchapisha walichokusanya. Pitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa kwanza (Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, wanayo moja), kisha leseni ya NACOSTI, kisha ofisi za kaunti.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na afya ya akili imo. Mshiriki aelezwe unakusanya nini, kwa nini, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Data ikivuja, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Faini ya juu kwa kampuni ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kile kilicho kidogo. Kikundi cha mtaa hakitafikia huko, lakini aibu ya mtaa mzima kujua siri za jirani haina kamishna.

Hatua ya 3: Andika maswali machache

Hapa ndipo utafiti unaponea au kufa, kwa hiyo lipe wiki nzima.

Gawa maswali makundi mawili. La kwanza ni la mwanzo na mwisho wa utafiti. Tumia WHO-5, fahirisi ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa 1998: maswali 5 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja kutoka 0 hadi 5. Jumlisha, zidisha kwa 4, upate alama kati ya 0 na 100. Jumla iliyo chini ya 13 kabla ya kuzidisha ni dalili kwamba mtu huyo aangaliwe kwa karibu zaidi. Tafuta tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kutumika. Ukitafsiri upya, alama zako hazitalinganishwa na za mwingine. Wiki mbili hizo ndizo zilizonifanya nipendekeze siku 14: kipimo cha mwisho kitafunika siku zile zile ulizokuwa ukiuliza.

Unaweza kuongeza ngazi ya Cantril ya 1965, ambapo mtu hujiweka kwenye daraja kati ya 0, maisha mabaya kabisa anayoweza kuwa nayo, na 10, maisha bora kabisa. Ndiyo inayotumika kupanga nchi kwenye Ripoti ya Furaha Duniani. Ni nzuri kwa kumjua mtu, mbovu kwa kuijua siku: haishuki kwa sababu ya foleni.

Kundi la pili ni maswali ya papo hapo. Yasizidi 4. Kwa mfano wetu:

1. Sasa hivi umechoka kiasi gani?
2. Sasa hivi moyo wako umetulia kiasi gani?
3. Uko wapi: nyumbani, kazini, njiani, kwengineko?
4. Jioni tu: leo ulisubiri feri muda gani? Sikuvuka, chini ya dakika 15, dakika 15 hadi 30, zaidi ya 30.

Angalia hakuna swali la "hujambo" wala "una furaha". Uchovu na utulivu mtu husema bila kuhisi anamlalamikia Mungu. "Sasa hivi" linamzuia asijibu kuhusu maisha yake kwa jumla.

Kuuliza namna hii kunafichua mambo ambayo fomu ya mara moja haiwezi. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha katika jarida la Science majibu ya watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa iPhone katikati ya shughuli zao: asilimia 46.9 ya nyakati, fikra za mtu hazikuwa kwenye kazi aliyokuwa akiifanya, na nyakati hizo furaha yao ilikuwa pungufu. Hakuna mtu angeliweza kukadiria hilo kuhusu nafsi yake mwisho wa mwezi.

*Onyo.* Wasomee maswali watu watano kwa sauti, wawe wa mitaa na umri tofauti, kisha mwulize kila mmoja: "Hapo nimekuuliza nini?" Akilisema swali kwa namna nyingine kuliko ulivyokusudia, badilisha swali, usimwelimishe yeye.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kufikisha swali

Usianze na programu unayoipenda. Anza na simu walizonazo.

*SMS* inafika hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Huu unaenea: "Salamu kutoka Utafiti wa Wasafiri. Sasa hivi umechoka kiasi gani? Jibu namba moja: 1 sijachoka, 2 kidogo, 3 wastani, 4 sana, 5 kupita kiasi."

Lakini kuna mtego. Ukiandika kwenye programu ya kuhariri kisha ukanakili, alama ya ritifaa katika maneno kama ng'oa hugeuzwa ikawa ile iliyopinda. Hiyo moja tu, au emoji moja, hushusha ujumbe mzima kutoka herufi 160 hadi 70, na SMS moja inatozwa kama mbili au tatu. Tumia ritifaa iliyonyooka, au epuka neno hilo.

Hakikisha pia jibu la mshiriki ni bure kwake. Asipokuwa na salio hatajibu, na wasio na salio ndio hasa unaotaka kuwasikia.

*USSD* inafaa ukiwa na maswali matatu au manne mfululizo, na ina faida nyingine: haiachi kitu kwenye kikasha cha ujumbe. Simu nyingi za nyumbani hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Dada anayeulizwa kama moyo wake umetulia hapendi shemeji alisome jibu. Ubaya wake ni kwamba kikao hukatika baada ya muda mfupi, kwa hiyo fupisha kila ukurasa.

*Programu ya Android* kama m-Path, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Leuven, hutuma maswali kwa nyakati unazopanga na kuhifadhi saa ya kila jibu. Simu nyingi za bei nafuu, hata hivyo, huzima programu zilizo nyuma ili kuokoa betri, na arifa hazitoki. Siku ya kuandikisha, ingia mwenyewe kwenye mipangilio ya simu ya mshiriki, kwa idhini yake, uondoe kizuizi cha betri kwa programu hiyo.

Kwa wavukaji wa Likoni ningechagua USSD, pamoja na SMS fupi ya kukumbusha isiyotaja kinachoulizwa. Umefaulu kama mtu mwenye kabambe na mwenye simu janja wote wanamaliza chini ya dakika moja.

Hatua ya 5: Panga saa

Saa moja asubuhi ya Mombasa ni 07:00 kwenye kompyuta, na ni 04:00 kwenye seva inayofuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Seva nyingi za kukodi hufuata UTC usipoziambia vingine. Andika ratiba kwa safu tatu: saa wanayoisema watu, saa ya kompyuta, saa ya seva. Usimwachie kila mmoja akokotoe kichwani.

Kwa mfano wetu, mara tatu kwa siku:

- Asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu (06:30–07:30).
- Mchana, kati ya saa nane na saa tisa na robo (14:00–15:15), baada ya adhuhuri na kabla ya alasiri.
- Usiku (ndicho kikao tunachokiita cha jioni), kati ya saa mbili na saa tatu (20:00–21:00), wengi wakiwa wamefika nyumbani na kuswali.

Ndani ya kila dirisha, dakika ichaguliwe kwa bahati nasibu, mtu asijiandae. Mpe nusu saa ya kujibu, kisha funga. Jibu la saa nane la kilichoulizwa saa mbili si la papo hapo tena. Ukibadilisha madirisha haya, adhuhuri ya Ijumaa usiiguse kabisa.

Ramadhani hubadilisha usingizi, chakula, saa za kazi na hata foleni yenyewe. Ama uikwepe, ama uifanye kuwa ndiyo mada. Siku 14 zinazoanza Shaabani na kuishia ndani ya mfungo zitakupa mabadiliko makubwa yasiyohusiana na feri. Mwisho wa mwezi nao una hali yake, na mvua za masika vile vile.

Dereva wa tuktuk au boda boda usimpigie kengele akiwa barabarani. Kwake tumia njia ya kuijenga upya siku, aliyoieleza Daniel Kahneman na wenzake mwaka 2004 baada ya kuijaribu kwa wanawake 909 wa Texas: jioni au asubuhi yake, mtu anaigawa siku iliyopita vipande vipande, alifanya nini, wapi, na nani, kisha anasema alijihisi vipi kwenye kila kipande. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini hakuna atakayegonga mkokoteni kwa ajili yako.

Hatua ya 6: Jaribu kwa siku tatu

Watu watano, wasiwe wa timu yako. Angalia matatu tu: ujumbe ulifika saa iliyokusudiwa? Majibu yanatofautiana, au wote wanajibu 3? Kuna aliyeacha, na alipoulizwa alisema nini?

Wakijibu 3 kila mara, swali halina meno. Rudi hatua ya 3. Usiendelee kwa kutumaini kwamba watu 40 watafanya kile ambacho watano hawakufanya.

Hatua ya 7: Andikisha watu uso kwa uso

Kiungo cha mtandaoni kinakuletea wenye bando. Nenda Likoni asubuhi, upande wa kungojea, na ualike kila mtu wa kumi, au njia nyingine yoyote isiyokuachia kuchagua nyuso unazozipenda.

Jitambulishe kwanza. "Shikamoo mama. Naitwa fulani, natoka mahali fulani, tunafanya utafiti kuhusu wanaovuka feri. Naomba dakika mbili, na ukikataa si neno." Kwa kijana, "ndugu" au "dada" inatosha. Usiseme unapima afya ya akili. Si kwa kuficha, bali kwa sababu mtu hufikiria wagonjwa, na wewe unauliza kuhusu uchovu na utulivu. Waraka wa idhini uyaeleze yote waziwazi, na usomwe kwa sauti.

Malipo yasiwe makubwa hadi mtu ashindwe kukataa. Bando dogo kila wiki kwa aliyejibu angalau nusu hufanya kazi vizuri kuliko zawadi moja mwishoni.

Papo hapo, mjibishe swali la kwanza mbele yako. Asiyeweza kulijibu akiwa nawe hataliweza akiwa peke yake.

Hatua ya 8: Siku 14

Hesabu ni hii: watu 40 mara vikao 3 kwa siku mara siku 14 ni vikao 1,680. Ukipata asilimia 60 una 1,008. Usijidanganye na namba hiyo lakini. Swali letu linahusu jioni, na jioni zote ni 560, kwa asilimia 60 ni 336. Jibu la asubuhi lipo kukuonyesha kama mtu alitoka nyumbani tayari amechoka.

Kila siku tazama nani amenyamaza. Akinyamaza siku mbili, mtu wako ampigie kwa upole, asimkemee. Baada ya hapo mwache.

Andaa mapema utakachofanya mtu akionyesha dhiki kubwa. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni bure, na hospitali ya Port Reitz ina huduma za afya ya akili. Mwenye alama ya chini ya WHO-5 apigiwe siku hiyo hiyo, si baada ya uchambuzi.

Hatua ya 9: Saa za mkononi, kamera na akili mnemba

*Saa ya mkononi* huhesabu hatua vizuri na mapigo ya moyo kwa kiasi. Ile alama ya "msongo" inayoonyesha haijui kama moyo unakwenda mbio kwa hofu, kwa jua la Mombasa au kwa kuikimbilia feri. Na usidhani mwanga wa vifaa hivi husoma ngozi zote sawa: utafiti wa hospitali za Marekani uliotoka 2020 ulionyesha kwamba kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kilikosa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Ukiwa na swali la usingizi, saa inaweza kukufaa. Kwa foleni, haihitajiki.

*Kamera ya kusoma nyuso* iache. Mapitio makubwa ya Lisa Feldman Barrett na wenzake ya 2019 yalikuta kwamba sura ya uso peke yake haitegemewi kukwambia mtu anahisi nini. Na baadhi ya unaotaka kuwasoma huenda wamevaa nikabu.

*GPS* inaweza kukwambia mtu alikaa foleni dakika ngapi bila kumwuliza. Lakini inakwambia pia anapolala na anaposwali. Ukiitumia, ihifadhi kwa kiwango cha wadi, na eneo halisi la feri peke yake.

*Akili mnemba* ina nafasi yake kwenye majibu ya sauti. Mtu akikuachia sauti ya WhatsApp ya dakika moja, mashine inaweza kuiandika na kuipanga kwa mada, na kazi ya wiki ikawa ya siku moja. Tahadhari ni kwamba mashine imekula Kiswahili cha magazeti. Ikikutana na Kimvita kilichochanganywa na Kidigo na Sheng huandika mambo ya ajabu. Na hata ikiandika sawa, "twashukuru tu", "twavumilia" na "Mungu yupo" itaziweka kwenye furaha, hali kila mtu wa hapa anasikia mzigo ulio nyuma yake.

Kwa hiyo watu wawili wapange majibu 100 kwa mkono, kila mmoja peke yake. Pima makubaliano yao kwa kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu, ambapo 1 ni kukubaliana kabisa. Chini ya 0.6, maelezo ya mada zenu hayajakaa sawa. Wakishapatana, linganisha mashine nao. Ikifikia kiwango chao, ipe yaliyobaki. Isipofikia, mkono. Kabla ya kupakia chochote kwenye mtandao, ondoa majina, namba na mitaa.

Hatua ya 10: Chambua

Weka kila kikao kwenye mstari wake: msimbo wa mtu, tarehe, saa, majibu. Kisha tafuta wastani wa kila mtu, na utoe wastani huo kwenye kila jibu lake. Tuseme Mshiriki 07 ana wastani wa uchovu wa 3, na Jumanne ya foleni akajibu 4: andika +1. Mshiriki 22 mwenye wastani wa 2 akajibu 3: naye ni +1. Sasa wanalinganishika.

Linganisha jioni za foleni ndefu na jioni nyingine kwa namba hizo mpya. Chora kwanza, hesabu baadaye. Kwa ripoti ya chuo, mwombe mtakwimu akufanyie modeli ya ngazi mbili, siku ndani ya watu.

Kabla ya kushangilia, kagua mawili. Je, siku za foleni ndefu ndizo zilikuwa za mvua? Kama ndiyo, huwezi kuilaumu feri peke yake. Na je, jioni zilizokosa majibu zilifuata asubuhi za uchovu mkubwa? Kama ndiyo, waliochoka zaidi ndio walionyamaza, na uliyoyapata yanalionyesha tatizo dogo kuliko lilivyo.

Umefaulu kama unaweza kuandika sentensi moja yenye namba, na sentensi ya pili inayosema namba hiyo haihusu nini.

Hatua ya 11: Rudisha matokeo, futa namba

Tuma SMS moja kwa washiriki wote yenye ulichokikuta. Kisha rudi Likoni siku moja jioni, ukae nao barazani, uwaonyeshe mchoro, uwasikilize. Mara nyingi wao ndio watakaokwambia kwa nini Alhamisi ilikuwa mbaya kuliko zote, na jibu halitakuwa feri.

Baada ya hapo lichome daftari la misimbo na ufute namba za simu kwenye akaunti ya SMS, kwenye simu ya mpokeaji na kwenye nakala zote za Excel, pamoja na ile uliyojitumia kwa barua pepe. Majibu yenye misimbo pekee yabaki. Tarehe ya kufuta na jina la atakayefuta yaandikwe kwenye waraka wa idhini tangu hatua ya 2, ili mshiriki awe na wa kumwuliza.